Beringi ya bei poa humtoza mwenye mashine mara mbili

MAHINDI yakishavunwa katika Nyanda za Juu Kusini, mashine za kusaga na kukoboa hufanya kazi tangu alfajiri hadi usiku. Ndivyo ilivyo Uyole, Mafinga na Ilula, na ndivyo ilivyo kwa mashine za mpunga za Igurusi na Ubaruku, wilayani Mbarali. Ni katika kipindi hicho hicho beringi hufa. Mwenye mashine hufunga mlango, hupanda basi kwenda Mwanjelwa jijini Mbeya au madukani Iringa mjini, na swali lake la kwanza kwa muuza spea huwa moja: ya bei ya chini kabisa ni ipi?

Si haki kumlaumu. Ada ya kusaga ni ndogo, na umeme au dizeli hulipwa kabla yeye hajala. Hata hivyo, hesabu yake ina kasoro, na kasoro hiyo haimuumizi yeye peke yake. Inamuumiza pia mama aliyetembea saa nzima na debe kichwani akakuta kufuli mlangoni.

Chukulia mfano, kwa namba za kukisia tu. Mashine inasaga debe 50 kwa siku kwa Sh1,000 kila debe, na baada ya kutoa nishati na posho ya msagishaji inabaki Sh30,000. Beringi mbili za bei poa ni Sh16,000; mbili za uhakika ni Sh40,000. Aliyenunua za bei poa ameokoa Sh24,000. Zikifa katikati ya Juni na mashine ikasimama siku mbili, amepoteza Sh60,000 za kazi, Sh10,000 za nauli, Sh15,000 za fundi na Sh16,000 za beringi nyingine. Jumla ni Sh101,000. Kila mwenye mashine aweke namba zake mwenyewe. Ni nadra jibu kugeuka.

Kwa nini moja idumu na nyingine isidumu, ilhali zote zinang'aa? Jibu liko kwenye gololi. Shafti ya mashine ya kusaga ya nyundo huzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, na uzito wake pamoja na mvuto wa mkanda hubebwa na gololi chache za chuma. Gololi hizo lazima zilingane. Moja ikizidi wenzake hata kwa sehemu mbili za mia za milimita, hiyo ndiyo hubeba mzigo wa nyingine, mpaka ipasuke au ichimbe njia yake. Kanuni ya watengenezaji wa beringi ni kwamba mzigo ukiongezeka mara mbili, umri wa beringi ya gololi hushuka hadi moja ya nane. Si nusu, ni moja ya nane.

Biashara ya beringi yenyewe ilisimama pale gololi zilipoanza kulingana. Mwaka 1883 Friedrich Fischer, wa mji wa Schweinfurt nchini Ujerumani, alibuni mashine ya kusaga gololi za chuma ngumu zikatoka duara na za ukubwa mmoja kwa maelfu. Hadi leo gololi hupangwa kwa madaraja. Ya daraja la 10 haitakiwi kupotoka katika uduara kwa zaidi ya milimita 0.00025; ya daraja la 1000 huruhusiwa kupotoka mara mia ya hapo. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo, na sumaku haiwezi kuipima. Tupa inaweza kusaidia kidogo: ikipitishwa juu ya gololi ngumu huteleza, lakini ikiikwaruza kwa urahisi, chuma hicho ni laini na hakifai kwa mashine.

Hapa ndipo baiskeli na mashine zinapoachana. Gurudumu la baiskeli huzunguka mara mia moja na kidogo kwa dakika, hivyo gololi za kununua kwa idadi zinatosha. Kwa baiskeli nyingi za kawaida, gurudumu la nyuma hutaka gololi za robo inchi, tisa kila upande, na la mbele za inchi 3/16, kumi kila upande. Zibadilishwe zote kwa pamoja, kwa sababu mpya zikichanganywa na zilizolika, mpya ndizo zitakazobeba gunia la mkaa peke yake. Koni ikiwa imechimbika, nayo ibadilishwe.

Kuipachika gololi mpya beringi ya mashine iliyochakaa, kwa upande mwingine, ni kutupa fedha. Pete zake zimeshaingia mashimo, na gololi mpya itaharibika humo humo. Hiyo ing'olewe nzima, na gololi zake waachiwe watoto wachezee.

Dukani, namba isomwe kwenye pete, si kukumbukwa kichwani. Kwa beringi za kawaida za gololi kama 6205, tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa tano hutoa tundu la shafti: 05 ni milimita 25. Lakini 6305 nayo ina tundu hilo hilo la milimita 25, huku upana wake kwa nje ukiwa milimita 62 badala ya 52. Wengi wamerudi Mafinga kutoka Iringa na beringi inayoingia kwenye shafti ikagoma kwenye nyumba yake. Herufi nazo zina maana. 2RS ni mfuniko wa mpira pande zote mbili, ZZ ni wa bati. Penye vumbi la unga, mpira huzuia zaidi.

Ni kweli pia kwamba muuza spea husingiziwa mara nyingi. Beringi nzuri iliyopigwa nyundo kwenye pete ya nje ili iingie kwenye shafti huwa imeshaumia kabla mashine haijawashwa. Msingi uliotitia nao huua. Sven Wingquist, mhandisi wa kiwanda cha nguo huko Gothenburg, Sweden, alisumbuliwa na shafti zilizopinda mstari kwa sababu ardhi ya mfinyanzi chini ya kiwanda ilikuwa ikisogea. Mwaka 1907 alibuni beringi inayojirekebisha, na kampuni ya SKF ikazaliwa. Mashine iliyofungwa kwenye mbao mbili juu ya udongo ina tatizo lile lile, na zege ni nafuu kuliko beringi.

Hata hivyo, bidhaa bandia zipo, na jina la SKF ni miongoni mwa yanayoigwa sana duniani. Tume ya Ushindani (FCC) na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) wana wajibu wa kufika hadi madukani Mwanjelwa, si kuishia bandarini Dar es Salaam. Nao wafanyabiashara waandike namba ya beringi na jina la mtengenezaji kwenye risiti. Risiti iliyoandikwa "spea" pekee haimsaidii mnunuzi kudai chochote.

SIDO ina ofisi Mbeya na Iringa, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina wahandisi wa mitambo. Maikromita moja, kifaa cha kung'olea beringi bila nyundo na siku moja ya soko kwa wiki vingetosha kuwapimia wenye mashine mizigo yao kabla hawajapanda basi. Wenye mashine nao wanaweza kuchanga katika vikundi vyao mwezi Machi, wakaagiza kwa pamoja beringi za namba wanazozitumia, na kila mmoja akaweka jozi moja ya akiba ndani ya boksi lake, bila kufunguliwa, juu ya rafu isiyofikiwa na unga.