Kabla Hujapiga Randa Mbao Kuukuu

Ya kale hayanuki, walinena wahenga. Ndugu msomaji, mlango wa mninga uliong'olewa katika nyumba iliyobomolewa wafaa kuwa meza ya kulia, na mbao za paleti za mizigo zaweza kuwa kitanda cha mtoto. Mbao hizo zimekwisha kukauka, hazipindi ovyo kama mbao mbichi. Tena zatupunguzia haja ya kukata mti mwingine.

Lakini si kila ubao wa kuingizwa chumbani. Tazama kwanza mhuri wa paleti. Herufi HT zaonyesha kuwa mbao zilitiwa joto la nyuzi 56 za Sentigredi kwa dakika 30 ili kuua wadudu. Hizo zafaa, maadamu hazikumwagikiwa mafuta wala dawa. Herufi MB ni alama ya methili bromidi, gesi ya sumu; ziache. Ubao wenye rangi ya zamani nao usiupige msasa, kwani huenda rangi ina risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto.

Kisha ng'oa misumari yote, ugonge kila ubao. Ukidondosha unga wa bungua, utupe.

Kubana matumizi ni busara. Kumlaza mtoto juu ya sumu si akiba.