Jaketi moja kubwa haikutoshi, vaa kama mama mboga

Kila Juni ikifika, Kanairo inagawanyika mara mbili. Kuna wale wa jaketi iliyovimba kama godoro, wanaopita Tom Mboya Street wakiwa wamekunja uso kana kwamba wametua jana kutoka Oslo. Halafu kuna wale wa tisheti, malaika ya mikono imesimama wima, midomo imepauka, lakini ukiwauliza wanakuambia, "Mimi huwa sisikii baridi." Wote wanateseka. Na wote wanamcheka mama mboga wa pale kona aliyevaa sweta mbili, aproni, leso kiunoni na boshori kichwani, eti amevaa kabati nzima.

Mimi niko upande wa mama mboga. Nataka nikushawishi uhamie huko kabla Agosti haijaisha.

Kwanza tuelewane kuhusu baridi yenyewe. Hii yetu haina theluji. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini mashariki unasukuma mawingu ya chini hadi yanatanda juu ya nyanda zetu, jua likapotea kama mdeni. Asubuhi unaamka nyuzi 11 au 12. Mawingu yakikubali kuachana, saa nane mchana unapata nyuzi 21 na jua linakugonga utosini. Siku nyingine hayaachani kabisa. Saa moja jioni uko stejini ukitetemeka tena. Na katikati ya hayo yote umekaa ndani ya matatu ambayo madirisha yamefungwa, mvuke unateremka kwenye vioo, na jasho linakutoka kwapani kwa sababu mwenzako amekubana na jaketi yake na wewe umembana na yako.

Yaani siku moja, hali nne tofauti. Sasa jaketi moja kubwa itakusaidiaje? Ina mambo mawili tu: umeivaa unachemka, umeivua unaganda. Chini yake kuna tisheti pekee. Saa nane mchana unaibeba mkononi kama mtoto aliyelala, na ukiingia kwenye msongamano wa stejini unaanza kuwaza simu uliyoiacha kwenye mfuko wake. Aliyevaa nguo tatu nyepesi anatoa moja, anaifunga kiunoni, anaendelea na maisha. Nenda Iten, zaidi ya mita 2,000 juu, uangalie wakimbiaji wanavyotoka alfajiri. Wanaanza na jaketi juu, mwili ukipata moto wanaivua na kuifunga kiunoni huku wakikimbia. Hakuna anayewaita washamba.

Siri ni kwamba nguo haina joto. Joto ni lako. Kazi ya nguo ni kulizuia lisikimbie, na kinacholizuia zaidi ni hewa iliyonaswa ndani ya kitambaa na kati ya nguo moja na nyingine. Ndiyo maana sweta mbili nyembamba mara nyingi zinaishinda moja nene. Kuna ofisa wa jeshi la Norway, Henrik Brun, ambaye mwaka 1933 alitengeneza vesti kwa kutumia nyavu za samaki. Vesti ya matundu! Ungemwona ungemcheka. Lakini ukivaa shati juu ya yale matundu, kila tundu linageuka kijumba kidogo cha hewa, na jasho nalo linapata njia ya kutoka. Wapanda milima waliofika kilele cha Everest mwaka 1953 walikuwa na vesti za aina hiyo. Kwa hivyo ukimwona mzee wa mtaa na vesti yake ya matundu inayochungulia chini ya shati, mheshimu. Anajua kitu.

Sasa twende Gikomba, au Toi kama uko pande za Kibra. Vijana wengi tunachagua mtumba kwa macho. Nembo, rangi, imeandikwa nini kifuani. Wakati wa baridi chagua kwa kidole na kwa lebo. Ile lebo ndogo ya ndani kwenye mshono ndiyo inakwambia umenunua nini. Pamba tupu ni tamu kwenye ngozi lakini ikishika maji, ya mvua au ya jasho, inayahifadhi kama sifongo na inakugandisha. Sufu ni mfalme. Inaweza kunyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaanza kuhisi umelowa. Shida ni kwamba mitumba mingine inatoka Ulaya, na lebo haijui Kiingereza. Ukiona *lana* hiyo ni sufu kwa Kiitaliano na Kihispania, *laine* ni Kifaransa, *Wolle* ni Kijerumani. Nimeona sweta za *lana* zikirushwa kwenye lundo la fagia bei, zinauzwa pamoja na za akriliki zilizojaa vijifundo, kwa sababu muuzaji naye hakusoma. Hiyo ndiyo kamera yako, na umeipata kwa bei ya chapati na ndengu. Ukifika nyumbani usiifue kwa maji moto, itarudi saizi ya mtoto wa chekechea.

Flisi nayo usiidharau. Ile nguo laini yenye manyoya mafupi, ambayo wengi huiona kama nguo ya kulalia. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1979 na kiwanda cha Malden Mills huko Massachusetts, Marekani. Ni poliesta, kwa hivyo hainywi maji, ni nyepesi, na inakauka haraka.

Na hapo kwa kukauka ndipo watu wa hudi nzito nawaonea huruma. Hudi ya pamba ukiifua Jumamosi ya Julai, Jumanne bado iko kwenye kamba, mikono imelowa, kofia inadondosha. Unaivaa hivyo hivyo kwa sababu huna nyingine, na kufikia saa nne wenzako wanaanza kuuliza ni nini kinanuka uvundo. Kama unaishi bedsita ya ghorofa ya tatu, isiyo na balkoni, kamba ya juu imejaa nguo za wapangaji wengine na jua halijaonekana tangu wiki jana, kuwa na nguo nyembamba tatu au nne si mapambo. Ni hesabu. Zinakauka usiku mmoja, unabadilisha, na doo ulizotumia kwa zote pengine hazifikii zile za jaketi godoro.

Najua unachosubiri kuuliza. Utaonekanaje?

Utaonekana vizuri, mradi ufuate mpangilio. Nyembamba ndani, nene nje, na kila nguo ya nje iwe imelegea kidogo kuliko iliyo chini yake. Ukipuuza hilo, mikono inakatalia ndani ya jaketi na huwezi hata kushika chuma cha matatu. Kubana pia kunafukuza ile hewa tuliyosema. Ni sawa na kuvaa soksi pea mbili ndani ya kiatu kinachobana: unabana damu, unabana hewa, na vidole vinakuwa baridi kuliko ungevaa pea moja.

Kwa rangi mimi nina msimamo mkali: tatu zinatosha, na mojawapo iwe imetulia, kama kijivu, kahawia au nyeusi. Poloneki nyeusi nyembamba, shati la mistari juu yake halijafungwa vifungo, sweta ya kahawia isiyo na mikono, halafu jaketi ya jinzi. Hiyo ni luku inayobamba, na kila kipande unaweza kukivua bila kuharibu kilichobaki. Jamani, sweta isiyo na mikono! Ile tuliyoichukia shuleni. Inapasha kifua joto na mikono inabaki huru. Dada, usiogope upande wa wanaume sokoni, sweta zao zinakaa vizuri juu ya gauni. Na gauni lako la Desemba halihitaji kulala hadi mwaka ujao. Vaa taiti nzito chini, poloneki ndani, kadigani juu, buti miguuni. Kaka, suruali ya mazoezi nyembamba ndani ya suruali pana haionekani, na hakuna atakayekuuliza.

Shuka la Kimaasai likikunjwa mara mbili shingoni linashinda skafu nyingi zinazouzwa madukani, na usiku linageuka blanketi. Leso pia. Mama mboga anaifunga kiunoni kwa sababu kiuno na mapaja ndiyo yanayopigwa na upepo ukikaa kwenye kigoda tangu asubuhi. Kuhusu boshori, vaa, inapendeza, lakini usidanganywe kwamba nusu ya joto lako inatorokea kichwani. Kichwa kinapoteza joto kulingana na ukubwa wake tu, kama sehemu nyingine yoyote iliyoachwa wazi.

Wasee wa boda nao wana yao. Umewahi kumwona akiwa amevaa jaketi kinyume, zipu mgongoni? Watu hucheka. Yule anajua kwamba upepo unamjia kifuani na kwamba zipu ni mlango, hivyo ameupeleka nyuma. Sweta peke yake, hata ya sufu, haizuii upepo, unapita kwenye nyuzi kama maji kwenye chekecheo. Ukipanda boda asubuhi, weka kitu kisichopitisha upepo kwa nje, hata kama ni ile jaketi nyepesi ya mvua inayopiga kelele ukitembea.

Lakini sababu kubwa ya mimi kuandika haya haiko barabarani. Iko nyumbani, baada ya saa mbili usiku.

Vijana wengi tunavaa kwa ajili ya nje. Ukifika kwako unavua kila kitu, unabaki na kaptura na vesti, halafu unashangaa chumba ni baridi. Kuta za mawe, sakafu ya saruji, mlango wa chuma wenye pengo chini. Hita ya stima inamaliza tokeni kabla ya wiki kuisha. Basi mtu anafanya nini? Anaingiza jiko la makaa ndani, anaziba pengo la mlango na tambara ili joto lisitoke, na analala. Kila msimu wa baridi tunasoma habari zake. Mara ni mtu na mpenzi wake, mara ni mama na watoto, mara ni bawabu ndani ya kibanda chake. Majirani wanavunja mlango asubuhi.

Makaa yakiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha yanatoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na haikukohozi kama moshi. Makaa yakiwa mekundu, hayana moshi hata kidogo, ndipo watu hudhani sasa ni salama kuyaingiza ndani. Gesi hiyo ikiingia kwenye damu inashikamana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hivyo unapumua vizuri tu huku mwili unakosa hewa. Kichwa kinauma, unahisi kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi. Na kwa kuwa ulikuwa unataka kulala, huoni ajabu.

Kwa hivyo nguo za ndani ya nyumba nazo zinahitaji mpango. Vua zile za kutwa, zimeshika jasho na unyevu wa barabarani, uvae zilizokauka: fulana, flisi juu, suruali ya mazoezi, soksi za sufu zilizolegea. Leso au shuka kwenye magoti ukiwa umekaa na simu. Chemsha maji, mimina kwenye chupa ya mpira ya maji moto, uifunge kwa tambara na uiweke miguuni kitandani. Tandika kitu chini yako pia, kwa sababu godoro jembamba juu ya saruji linakunyonya joto kutoka chini hata ukijifunika blanketi tatu juu. Kama umepika kwa jiko, lipeleke nje kabla hujafunga mlango, hata kama bado lina moto mzuri, hata kama unaona ni hasara kuyaacha makaa yaungue bure kwenye korido.

Na kama rafiki yako atakuambia kesho asubuhi kwamba kichwa kinamgonga tangu aamke, na jana alilala na jiko chumbani, mtoe nje apate hewa na umpeleke hospitalini saa hiyo hiyo. Mambo ya luku mtaongea akirudi.