Tundu la juu si la biro

Wasee, lile tundu la juu la soketi mnalochokonoa na biro ndio plagi ya miguu miwili iingie, hilo ndilo la ethi. Linafaa kuwa na waya unaoshuka hadi kwa chuma kilichozikwa ardhini. Shida ni, kuna keja unalipia rent na nyuma ya tundu hakuna waya wowote.

Ndio maana ukigusa kompyuta ya kasha la chuma, vidole vinawasha. Pawasaplai huvujisha stima kidogo kwa kasha, na bila ethi njia ya kushuka ni wewe. Hiyo ni siku nzuri. Waya wa moto ukichubuka uguse kasha, hapo ni volti 240, na fyuzi haitakatika.

Watu wa redio za ridhaa, wale huongea na dunia kwa antena ya nyumbani, huunganisha kila mtambo sehemu moja, kisha chuma chao cha nje wanakifunga na ethi ya nyumba. Sisi macontent creator? Taa ya duara kwanza.

Landilodi akikuonyesha nyumba, kabla uulize WiFi, itisha fundi apime ethi. Akikujibu "si tundu liko hapo?", endelea kutafuta keja.