Kujitegemea Si Uasi

Najua wengine wenu mnasoma ujumbe huu mkiwa ndani ya matatu, mmetoka hapa Lanet alfajiri mkielekea Naivasha, Nairobi ama Eldoret, na wikendi mtarudi. Leo naongea na wewe unayesafiri. Naongea pia na yule uliyemwacha nyumbani.

Nianze kwa kukiri jambo.

Miaka 2 na nusu iliyopita Mama Mchungaji alipata barua ya uhamisho wa kazi kwenda Eldoret. Tulikuwa tumeishi nyumba moja kwa miaka 19. Tulifunga na kuomba kwa siku 3, tukakubaliana aende. Akaondoka na kitinda mimba wetu. Mimi nikabaki na wavulana wetu 2 na kanisa.

Jumatatu ya kwanza, saa kumi na moja asubuhi, stima ilikatika. Sikujua namba ya mita iko wapi ili ninunue tokeni. Nikawasha gesi nipike chai, mtungi ukaisha kabla maji hayajachemka. Nikahamia kwa jiko la makaa. Chai ilipokuwa tayari sikujua sukari inakaa wapi. Kijana wangu mkubwa alicheka akasema, "Baba, si unaishi hapa?" Mpendwa, mimi huhubiri imani ya kuhamisha milima. Siku hiyo nilishindwa na kopo la sukari.

Nilidhani mimi ndiye nguzo ya ile nyumba. Kumbe kwa miaka 19 nilikuwa nimebebwa, na sikujua kwa sababu aliyenibeba hakulalamika.

Sasa sikia upande wa pili. Mwezi wa kwanza Mama Mchungaji alinipigia simu kwa kila jambo. Achukue nyumba ya shilingi 9,000 ama ile ya 11,000? Fundi wa bomba anaomba pesa ngapi? Mtoto ana homa, ampeleke usiku ama angoje asubuhi? Mwezi wa tatu simu zikapungua. Bado tuliongea kila jioni na kuomba pamoja, lakini hakuwa anauliza tena. Alikuwa ananiambia alichokwisha kufanya.

Ijumaa moja nikaenda kumtembelea. Nikakuta bomba limetengenezwa. Amenunua kitanda baada ya kuzungukia maduka 4 akilinganisha bei. Amejiunga na ushirika wa nyumbani. Amefungua akaunti ya benki kwa jina lake na anaweka humo karo ya mtoto kila mwezi. Akaniandalia chai, akanieleza yote kwa furaha, uso wake uking'aa kama siku ile nilipomwona mara ya kwanza kwaya ikiimba.

Nilipaswa kumshukuru Mungu. Badala yake niliogopa. Kwa mdomo nilisema, "Umefanya vizuri, mama." Moyoni nilijiuliza, "Sasa mimi ni wa nini?"

Jumamosi jioni nikapanda gari kurudi. Ukungu ulikuwa umeifunika Timboroa. Watu wamejikunja kwa baridi, na mimi nikiandaa mahubiri kichwani. Tulipofika Salgaa nilikuwa na vichwa vyote vya mahubiri kuhusu wake kuwatii waume zao. Nilikuwa tayari kusimama madhabahuni kesho yake na kulipiza kisasi kwa kutumia Biblia. Roho Mtakatifu alinizuia kwa swali moja tu: hili Neno unalipeleka kwa kanisa, ama unalirusha kwa mke wako?

Sikuhubiri yale mahubiri. Lakini hofu yangu ilikuwa na marafiki. Wazee 2 wa kanisa, watu wema wanaonipenda, walinijia wakaniambia, "Mchungaji, mrudishe mama. Mwanamke akizoea kujitegemea, harudi tena." Karibu niwakubalie.

Leo nataka kusema wazi ninachoamini. Sisi kanisani tumefundisha vibaya juu ya jambo hili. Tumefanya kujitegemea kuonekana kama uasi. Mke akijua kupanga mambo yake, tunasema amekuwa mgumu. Kijana akihamia mji mwingine akaanza kuamua bila kumpigia mama yake simu, tunasema mji umemharibu. Mshirika akitaka kuhama kwa ajili ya kazi, tunamuuliza kama mchungaji "amemwachilia", kana kwamba mchungaji ndiye Mungu. Kisha tunashangaa kwa nini watu waliookoka miaka 20 hawawezi kuomba peke yao mpaka mtumishi awawekee mikono.

Hebu tuangalie Neno.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 18. Utakutana na mume na mke, Akila na Priskila. Walikuwa wakiishi Italia. Kaisari Klaudio akaamuru Wayahudi watoke Roma, wakajikuta Korintho. Hawakuhama kwa kupenda. Wengi wetu hapa Nakuru tunaelewa jambo hilo, kwa sababu kuna waliofika hapa mwaka 2008 wakiwa na blanketi na watoto tu, wakalala uwanja wa maonyesho. Kwa hiyo usifikiri Biblia inaongea na watu wa maisha laini.

Walipofika Korintho walifanya nini? Walikuwa na ufundi wa kushona mahema, wakaendelea kushona. Paulo akaja akakaa nao na kufanya kazi pamoja nao. Baadaye tunawaona Efeso. Tukifika Warumi 16, wako Roma tena, na kanisa linakutana nyumbani kwao. Walizunguka miji 3 na kurudi walikoanzia, na kila mahali walikuwa na kazi ya mikono yao na mlango uliokuwa wazi kwa wengine.

Tena angalia jambo hili. Wanatajwa mara 6 katika Agano Jipya, na mara 4 kati ya hizo jina la mke linatangulia. Apolo, msemaji hodari, alipohitaji kuelekezwa vizuri zaidi, Priskila alikuwa pale pamoja na mumewe wakimweleza. Hatusomi popote kwamba Akila aliogopa. Uwezo wa mke wake haukumpunguza. Uliongeza nyumba yao.

Sasa fungua Wagalatia sura ya 6. Mstari wa 2 Paulo anatuagiza tuchukuliane mizigo. Mstari wa 5 anasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Mara nyingi tunahubiri ule wa kwanza na kuuruka ule wa pili. Lakini mtume yuleyule aliiandika yote miwili, na imetenganishwa na mistari 2 tu. Kuna mzigo ambao nisipokusaidia utakuponda: msiba, ugonjwa, kufutwa kazi. Huo tuubebe pamoja. Na kuna mzigo ambao nikikubebea kila siku, mgongo wako hautapata nguvu kamwe. Upendo wa kweli unajua kutofautisha mizigo hiyo 2.

Kwa hiyo Mungu anapokuhamisha mji, wakati mwingine hakukupeleka kwa mshahara peke yake. Anakurudishia kitu ulichokisahau. Kabla hujawa mke wa mtu, ama mtoto wa fulani, ama mshirika wa kanisa fulani, ulikuwa mtu aliyeitwa kwa jina lake. Abramu aliambiwa atoke nchi yake na nyumba ya baba yake. Ilibidi aache kivuli cha baba ili ajue sauti ya Mungu wake mwenyewe.

Lakini ngoja. Najua kuna mtu amefurahia ujumbe huu kwa sababu zisizo nzuri. Bwana wangu, wewe uliye na nyumba Lanet na "nyumba ndogo" Nairobi, siongei juu ya uhuru wako. Dada, wewe unayezima simu kila Ijumaa jioni hadi Jumapili, usinitaje kama shahidi wako. Kujitegemea si kujificha. Anayejitegemea anaweza kuulizwa swali lolote saa yoyote na akajibu bila kutafuta maneno. Akila na Priskila walijulikana katika kila mji waliokaa. Ukihama, mtu fulani katika mji huo mpya ajue unapoishi, unaabudu wapi, na wewe ni mume ama mke wa nani.

Na wewe unayebaki, usiseme mambo haya ni ya waliosoma. Hapa Lanet tuna kambi ya jeshi. Wake wa wanajeshi wanajua kuliko mimi maana ya kuendesha boma mwenzako akiwa mbali: kulipa karo, kumzika mzazi, kumpeleka mtoto hospitali usiku, kisha kumpokea mume na kujifunza upya kuamua pamoja. Siku hizi Nakuru ni jiji, tangu tarehe 1 Desemba 2021. Eldoret nayo ikawa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Kazi zitaendelea kuwavuta watu kati ya miji hii. Kanisa lisipofundisha familia namna ya kuishi hivi, tutabaki na kazi ya kuzika ndoa.

Hata sheria ya nchi imetutangulia hapa. Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa, na hata ndoa ikivunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani na kulea watoto kama mchango katika mali ya familia. Bunge liliona kopo la sukari kabla ya mchungaji kuliona. Hiyo ni aibu yangu.

Basi ufanye nini, mpendwa?

Wewe unayehama: wiki ya kwanza tafuta kanisa kabla ya kutafuta televisheni. Jifunze jambo moja ambalo hukuwahi kulifanya mwenyewe, na usiache kwa sababu umekosea mara ya kwanza. Weka akiba yako, hata kama ni shilingi 50 kwa siku, na mwenzako ajue iko wapi. Omba kwa mdomo wako kabla hujaniomba mimi nikuombee.

Wewe unayebaki: jifunze nyumba yako. Jua mita iko wapi, watoto wanakula nini, mwalimu wa darasa ni nani. Mwenzako akirudi usimpokee kama mgeni, na usimpokee kama mfanyakazi aliyetoka likizo. Msikilize kwanza. Atakuwa amebadilika. Wewe pia.

Wewe mzazi: mtoto wako wa miaka 27 asipopiga simu leo, hajakukataa. Pengine anajifunza kubeba mzigo wa mstari wa 5.

Na sisi wachungaji: tuwafundishe watu kutembea na Mungu mahali ambapo hatupo. Mshirika akihama na imani yake ikafa ndani ya miezi 3, tujiulize kama tulimpanda kwa Kristo ama tulimfunga kwetu.

Nimalizie nilipoanzia. Mwezi uliopita kumetokea nafasi ya Mama Mchungaji kurudi kufanya kazi karibu na nyumbani. Aliponiambia, ulimi ulitaka kusema, "Asante Yesu, funga mizigo." Nilinyamaza kidogo, kisha nikasema, "Nakuhitaji nyumbani, sitakuficha. Lakini pima wewe, uombe, na nitasimama na wewe utakavyoamua." Simu ikawa kimya hadi nikadhani imekatika. Halafu akasema, "Baba, ni mara ya kwanza umeniuliza."

Miaka 19, na zaidi ya 2 juu yake. Mara ya kwanza.

Ninapoandika haya bado hajaamua. Ninaomba arudi, siwezi kuwadanganya. Lakini akirudi, nataka arudi mwanamke huyu niliyemkuta Eldoret na uso uking'aa. Yule wa kuniomba pesa ya chumvi simhitaji tena. Na nikipika ugali siku hizi, wavulana wanamaliza.

Tuombe. Baba katika jina la Yesu, mkumbuke huyu anayesoma akiwa safarini. Linda gari lake. Mpe kazi ya mikono yake na ujasiri wa kuamua. Yule aliyebaki nyumbani, mwondolee hofu. Tufundishe kubebana bila kulemazana, na kuwa mbali bila kupotezana. Amina.

Kama una mtu wako aliye mji mwingine leo, mpigie simu. Usimwambie la kufanya. Muulize anaendeleaje, kisha unyamaze usikilize.