Sahani ya ndizi na nauli ya mahakamani

Bukoba na Muleba watu wanajua kuchangia. Harusi ikikaribia, kamati hukutana, mweka hazina hufungua daftari, na aliyeahidi akachelewa hupigiwa simu. Msiba nao una utaratibu wake. Lakini mjane anayeambiwa baada ya matanga aondoke kwenye kibanja alichokipalilia miaka 20 hana kamati. Nasema utaratibu huo huo, wa kuketi, kula na kutoa, tuutumie kwa chakula cha jioni cha kumchangia mwanamke mwenye haki lakini asiye na nauli ya kuifuata.

Nauli naitaja makusudi, maana sheria ipo, na sehemu yake ilipatikana hapa hapa kwetu. Tarehe 24 Agosti 1988 Holaria Pastory, mwanamke aliyekuwa anazeeka bila mtu wa kumtunza, aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake kwa wosia halali. Kesho yake tu, jamaa wa ukoo alifungua shauri Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, akidai kuwa kwa mila za Wahaya mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Alishinda. Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila hiyo ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikafuata mkondo huo mwaka 1999. Ila tuhesabu: haki ya mama huyo ilipita mahakama tatu. Leo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, na mkoani Kagera mashirika kama MHOLA yanawasaidia wanawake wa namna hii. Wakili wa bure, hata hivyo, hamlipii mjane basi. Shauri likiahirishwa mara nne, yeye na mashahidi wake wawili wamekwenda mjini na kurudi mara nne, bado hawajasikilizwa, na nakala za hati hazijatolewa. Ndipo wengi wanapokubali "kuyamaliza nyumbani", na kuyamaliza nyumbani mara nyingi maana yake ni kuondoka.

Wapo watakaosema hafla za namna hii ni za wenye fedha, tena ukumbi na wapishi humeza kinachochangwa. Kwa hafla za hotelini, hofu hiyo ni ya haki. Lakini mwaka 2003 wanawake wa Greenville, South Carolina, Marekani, walianza kukutana majumbani, kila mmoja akija na chakula chake na kutoa fedha ambayo angeitumia mgahawani; kikundi hicho, Dining for Women, kikaenea nchi nzima. Sisi tuna wepesi zaidi. Ndizi zinatoka kibanjani, maharage yapo, samaki wako ziwani, na msimu wa senene ukifika meza inajipamba yenyewe. Na mgomba uliozaa ndizi hizo, aghalabu aliyeupalilia na kuuwekea matandazo ni mwanamke.

Pingamizi zito zaidi ni la ukoo: kwamba tunachangisha fedha za kuvunja koo na kugawa makaburi ya wazee kwa wageni. Sitalibeza, kwa kuwa kibanja kwetu ndiko walikolala waliotutangulia. Lakini hukumu ya 1990 haikuunyang'anya ukoo shamba lile. Iliuachia nafasi ya kulikomboa kwa kurudisha bei iliyolipwa. Ilichokataa ni ukoo kulichukua bure kwa sababu tu muuzaji ni mwanamke. Ukoo unaoithamini ardhi yake unaweza nao kuchangishana, wala hilo haligombani na chakula chetu.

Jambo moja tu lisilegezwe, nalo ni daftari. Wageni wasomewe kabla ya sahani kuondolewa: kiasi kilichopatikana, mashauri mangapi yatalipiwa nauli, na fedha za chakula kilichopita zilikwenda wapi. Majina ya wajane yasitajwe. Na wanaume waalikwe, wakae meza moja na wake zao, dada zao na shangazi zao, maana kwenye kikao cha ukoo kinachoamua nani abaki kibanjani, wengi wanaosikilizwa ni wao.