Mfuko Uuzwe, Duara Libaki

Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama wanaijua vyema desturi ya duara. Mwenye fedha hugharimia chakula, kamba na magogo ya kuzuia kuta. Wachimbaji hutoa nguvu zao. Na mawe yakipandishwa juu, hugawanywa kwa mifuko kabla hayajafika kwenye karasha. Kila mmoja huondoka na mfuko asioujua una dhahabu kiasi gani. Lakini jambo moja wote wanalijua: aliyepewa mfuko hakupewa duara.

Yafaa desturi hiyo ikumbukwe wakati huu ambapo waandishi wa filamu katika nchi mbalimbali wanatafuta mitaji kwa njia mpya. Mwandishi mwenye hadithi isiyo na mfadhili hutengeneza hati za kidijitali, zenye picha ya mhusika au ukurasa wa mswada, na kuziuza kwa intaneti. Umiliki wa kila hati huandikwa katika daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi. Fedha hizo huanzisha kazi, na wanunuzi huwa wapiga debe wa filamu kabla haijapigwa picha.

Njia hiyo si ya kubezwa. Shinyanga na Geita hazina uhaba wa hadithi. Iko almasi ya Mwadui iliyogunduliwa mwaka 1940. Wako sungusungu wa miaka ya 1980. Yako mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu. Wako vikongwe waliouawa kwa sababu tu ya macho yao mekundu. Kinachokosekana ni mtaji.

Hata hivyo, hapana budi kuuliza mnunuzi ameuziwa nini. Novemba 2021, Quentin Tarantino wa Marekani alitangaza kuuza kwa njia hiyo kurasa alizoandika kwa mkono za mswada wa Pulp Fiction, filamu ya mwaka 1994. Mwezi huohuo kampuni ya Miramax ilimshtaki, ikidai kwamba haki hizo alikwisha kuikabidhi kwa mkataba wa zamani. Hati ya kwanza iliuzwa Januari 2022 kwa dola milioni 1.1, mauzo ya nyingine yakasimama, na Septemba 2022 pande mbili zikapatana. Ikiwa mtu mwenye mawakili alikwama katika maneno ya mkataba, kijana wa Katoro mwenye simu tu atasalimika vipi?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi, wala hailindi wazo tupu. Anayelitangaza wazo lake kabla ya kuliandika ameliacha duara wazi usiku. Aidha, Novemba 2019 Benki Kuu ilikumbusha kwamba shilingi ndiyo fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Tena bei za hati hizi ziliporomoka vibaya mwaka 2022. Asiyeyajua hayo anauza gizani.

Taifa lilikwisha kujifunza somo hili katika madini. Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje, kwani haikubaliki mali kuondoka kabla mwenyewe hajajua kilichomo. Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, ili mchimbaji auze mbele ya mizani. Hadithi nayo yastahili mizani.

Mizani hiyo imo mikononi mwa watumishi wa umma. Mwalimu wa Kiswahili anao uwezo wa kumfundisha kijana kuligeuza wazo kuwa mswada kamili. Afisa utamaduni wa halmashauri anao wajibu wa kumwonyesha njia ya kuisajili kazi yake COSOTA, na ya kuomba mkopo katika Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ili asiuze kwa njaa. Akiamua kuuza hati za kidijitali, asaidiwe kuandika bayana kama mnunuzi amepata picha tu, mgawo wa mapato, au haki ya hadithi yenyewe.

Vijana wasizuiwe kuuza. Wafundishwe kuuza mfuko wa mawe, na duara libaki kwa mwenyewe.