Hatia Isiyo na Mwenyewe

Katika miji na vijiji vyetu, azaliwapo mtoto mwenye hali ya Down, swali la kwanza aghalabu si la afya yake bali la nasaba na mwenendo wa mamaye: kwao kuna nini, alimkosea nani, jini gani alimwingilia, na si mara chache mume, ambaye ndiye angepasa kumkinga mkewe, huungana na mavyaa na mawifi katika tuhuma hiyo. Hiyo ni dhuluma, na elimu ya kuibatilisha ipo tangu mwaka 1959.

Mwaka huo, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, matabibu wa Paris, walitangaza kwamba seli za watoto hawa, ambao tabibu Mwingereza John Langdon Down aliwaeleza mwaka 1866, zina kromosomu, yaani nyuzi zibebazo urithi, 47 badala ya 46, na iliyozidi ni ya jozi ya 21. Kwa watoto wapatao 95 katika kila 100, ziada hiyo hutokea pale yai la mama, au mara chache mbegu ya baba, linapoumbika, na kromosomu mbili zilizopasa kuachana zikasalia pamoja. Hilo ni jambo ambalo halizuiliki kwa tahadhari wala haliletwi na chakula, kazi au kijicho. Ni kweli kwamba umri wa mama huongeza uwezekano, hata afikapo miaka 40 ukakaribia mtoto mmoja katika 100, lakini vijana nao huzaa watoto hawa, na umri si dhambi. Wachache, watatu au wanne katika 100, wana kromosomu ya 21 iliyogandamana na nyingine, na hiyo pengine hurithiwa, ama kwa baba ama kwa mama.

Mkunga mzoefu huzitambua dalili za hali hii: mwili tepetevu, macho yaliyopanda pembeni, na pengine mstari mmoja tu uliokata kiganja. Akishazitambua, asimnong'oneze mwenzake. Awaite wazazi wote wawili, awaeleze kwa lugha nyepesi, na awape barua ya kwenda kupimiwa mtoto damu na moyo. Maana karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na tundu kubwa likiachwa bila tiba huweza kuiharibu mishipa ya mapafu hata upasuaji usifae tena. Na miezi ambayo aila huitumia kwa waganga ikimtafuta mwenye hatia, ndiyo miezi ambayo mtoto angetibiwa. Huko Marekani, ambako mwaka 1983 watu hawa waliishi wastani wa miaka 25, leo hufikia takriban 60, kwa sehemu kubwa kwa sababu mioyo yao hutibiwa mapema.

Basi baba mwenye insafu, akiulizwa na nduguze mkewe alifanya nini, na awajibu kwamba hakufanya lolote, kisha awaombe nauli ya hospitali.